Picha ya Mbwa Ina Hakimu Mmoja

Ukitaka kujua kama Mombasa kuna soko la picha za mbwa, usiwaulize wenye kumbi za sanaa. Pita Nyali, pita Kizingo, ingia mitaa ya ndani ya Bamburi, utazame mageti. Hukosi kukuta kibao cha bati: kichwa cha mbwa, meno nje, ulimi mwekundu kama bendera, na chini yake MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili wametuambia miaka yote kwamba ni "mbwa mkali", lakini geti halisomi sarufi. Vibao vile ni kazi za kuagizwa. Kuna mtu alimwita fundi, wakapatana bei, fundi akachora. Biashara ninayoizungumzia hapa niliikuta. Nilichofanya mimi ni kumtoa mbwa wa mtu yeyote nikamweka mbwa wa mtu mmoja, na hapo hesabu yote ikageuka.

Huu ni mwaka wangu wa saba nikichora mbwa wa watu, chumba kimoja cha ghorofani Mji wa Kale, dirisha moja la mashariki, feni moja. Nimewaona vijana wenye mkono mzuri kuliko wangu wakiianza kazi hii na kuiacha kabla ya mwaka kwisha. Kila anayeondoka husema wateja hakuna, au Wapwani hatuthamini sanaa. Sikubaliani nao. Wateja wapo, na wengine wanasubiri zamu. Kinachoiua kazi hii ni kuiendesha kwa mdomo, kama vile tunauza kitu ambacho huyu akikikataa atakichukua yule.

Watazame wachongaji wa Kikamba kule Changamwe. Ndovu wa mpingo asiponunuliwa leo atanunuliwa Desemba, na asiponunuliwa Mombasa atapanda gari kwenda Nairobi. Ametengenezwa ili ampendeze mtu yeyote anayepita. Simba, mbwa wa bwana fulani wa Nyali, akikataliwa, ulimwengu mzima hakuna mtu mwingine anayemtaka. Hata rangi huwezi kuirudisha kwenye chupa. Mchoraji wa mbwa ana soko la mtu mmoja kwa kila bidhaa, na mtu huyo ndiye hakimu pia.

Hili la hakimu ndilo linalotutofautisha hata na wachoraji wa sura za watu. Nikimchora bwana harusi, mama yake akasema sura siyo, kuna shangazi, kuna marafiki, kuna jirani wa kusema "lakini ndiye huyu, mama". Kesi ina mashahidi. Mbwa je? Kwa mpita njia, mbwa wa aina ile ya polisi ni mbwa wa polisi, wote ndugu. Ni mwenyewe peke yake anayejua kwamba huyu siye. Kazi ya wiki mbili inapelekwa kwenye mahakama ya mtu mmoja isiyo na rufaa, na mwenye kesi, yaani mbwa, hana la kusema.

Nililijua hili kwa gharama. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilitoka kwa bwana mmoja wa Nyali, na mbwa wake aliitwa Simba. (Nimeshachora akina Simba wanne, Wakenya hatuna ubunifu kwenye majina ya mbwa.) Alinitumia picha moja ya simu, imepigwa usiku, kutoka juu, kwa flashi, macho yanawaka kijani. Nikaipokea. Akanipa elfu mbili "ya rangi", nyingine tungeonana. Hatukuandikiana hata neno. Wiki mbili baadaye nikaipakia kazi kwenye tuktuk, nimeikumbatia mpaka mlangoni kwake. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, upole ule unaoumiza kuliko matusi: "Kaka, umechora vizuri. Lakini huyu si Simba."

Nikarudi nayo. Nikapunguza pua. Si Simba. Nikaongeza weusi usoni. Anakaribia, lakini si Simba. Safari ya nne mkewe alikuwa akipita na sinia ya chai. Akasimama, akainamisha kichwa: "Mbona sikio la kushoto halikukatika?" Simba alikuwa na pengo dogo kwenye ncha ya sikio, alilolipata utotoni kwa kugombana na paka. Kwenye ile picha ya usiku sikio lilikuwa kizani. Bwana mwenyewe alikuwa amelizoea pengo lile hata akaacha kuliona. Alichokijua ni kwamba kuna kitu hakipo. Nililichora pale pale sebuleni, dakika tano, na sauti yake ikabadilika.

Alinilipa, baada ya miezi miwili, kwa bei ile ile ya mwanzo. Safari nne za daraja la Nyali na zaidi ya saa kumi za marekebisho nilizila mwenyewe. Na kwa haki, kosa halikuwa lake. Mtu anamjua mbwa wake kwa mazoea, hana maneno yake. Maneno hayo ni kazi yangu kuyatafuta kabla sijagusa brashi, na sikuyatafuta.

Siku hizi naanza kwa maswali. Sikio lipi huanguka kwanza? Hulala wapi, tumbo juu au amejikunja? Husimamaje anaposikia ufunguo wa gari? Ana alama gani ambayo mgeni hawezi kuiona? Halafu maswali yale yale nampelekea mtu wa pili wa nyumba, kwa sababu wa kwanza ameshazoea. Shahidi bora kuliko wote ni askari wa getini. Yeye hukesha na mbwa usiku kucha, anajua hata kikohozi chake. Tajiri atakwambia mbwa wake ni jasiri. Askari atakwambia hujificha chini ya gari mvua ikinguruma. Ukiwa na maneno ya wote wawili unaweza kuchora jicho.

Picha nazo nimeacha kupokea chochote kinachoingia WhatsApp. Simu ikimkaribia mbwa usoni, pua hujaa na masikio hukimbilia nyuma, mbwa akawa katuni. Simu haina kosa, ni umbali tu. Namwambia mteja arudi nyuma hatua tatu, achutame mpaka jicho lake lilingane na la mbwa, avute picha karibu kwenye kioo cha simu, kivulini, kama saa kumi alasiri. Flashi azime. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake huwaka gizani, na mchoraji aliyepewa jicho linalowaka hajapewa jicho. Na kama mbwa ni mweusi, apigwe nje: manyoya meusi juani yana buluu ya mbingu mgongoni na kahawia ubavuni, na mchoraji anayemaliza mbwa mweusi kwa chupa ya rangi nyeusi amechora shimo.

Baba yangu aliishi kwa brashi. Aliandika mabango ya maduka, majina ya mashua, ubavu wa matatu. Vibao vya Mbwa Kali alikuwa akiviandika pia, lakini herufi tu. Mbwa alimwachia mwenzake wa Kisauni ambaye hakuwa Muislamu. Hakushindwa kuchora. Wengi wetu Mji wa Kale tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Juu ya hilo kuna suala la kuchora viumbe vyenye roho, ambalo wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi, na ambalo unaweza kulisoma kwenye milango yetu ya kuchongwa: maua, minyororo, mafundo, sura hakuna. Mtu wa Mji wa Kale anayechora mbwa, tena kwa pesa, amejipalia makaa mara mbili.

Sitoi fatwa, sina elimu hiyo. Najua kwamba mbwa wa uwindaji ametajwa katika Kurani, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na kuna hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Najua pia kwamba jirani yangu wa chini, mama mtu mzima ninayemheshimu, hapendi kukutana na mbwa kwenye ngazi hata akiwa wa rangi. Kwa hiyo nafunika. Baba hakuwahi kunikataza. Alikuja siku moja, Simba bado yuko ukutani, akavaa miwani, akasogea karibu. "Mato siyo hayo," akasema, yaani macho kwa Kimvita chake. "Umeyatia nuru pande mbili. Jua ni moja."

Nayaeleza haya kwa sababu yana maana ya kibiashara ambayo kijana wa Nairobi hawezi kuifikiria. Mimi siwezi kutundika bidhaa yangu mlangoni. Muuza vikoi wa Barabara ya Biashara huvianika nje, upepo ukamfanyia matangazo. Mimi niko Mji wa Kale na wanunuzi wangu wako ng'ambo ya daraja, Nyali mpaka Mtwapa, na wengine Diani na Watamu. Kilichonisaidia ni kliniki moja ya daktari wa mifugo. Nilimchorea mbwa wake bure, akaitundika pale watu wanapongojea. Mtu anayengojea daktari na mbwa wake mapajani ana muda, ana mapenzi, na ana hofu kidogo ya kumpoteza. Sijapata tangazo jingine lililofanya kazi kama ukuta ule.

(Utaniuliza kwa nini nisichore paka, na Mji wa Kale umejaa paka. Paka wa Mji wa Kale ni wa kila mtu. Cha kila mtu hakina wa kukilipia.)

Sasa hesabu, ambayo ndiyo wengi hawataki kuifungua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa na madaftari ya michoro tele bila hata moja la pesa. Mwaka wa pili nikakaa chini na picha moja ya kawaida, sentimita 40 kwa 50, ambayo nilikuwa nikiiuza shilingi 9,000 na kujiona nimefika. Kitambaa, mbao na rangi: 1,900. Fremu kwa seremala: 2,200. Tuktuk na pikipiki za kwenda na kurudi: 700. Bando la intaneti na kuchapisha picha za kuigia: 200. Jumla 5,000. Zimebaki 4,000. Kisha nikahesabu saa, kwa uaminifu, pamoja na saa za kuzungumza na mteja: 26. Nilikuwa nikijilipa shilingi 154 kwa saa, kabla ya kodi ya chumba na stima.

Kuna hesabu nyingine iliyonishtua zaidi. Nikichora picha mbili kila wiki, saa 52 za kazi, bila wiki moja ya ugonjwa wala Idi, kwa mwaka ni picha 104 na mauzo ya shilingi 936,000. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Yaani hata nikijiua kwa kazi, kwa bei ile, sikifikii kizingiti ambacho serikali inaanza kukuhesabu kuwa mfanyabiashara mdogo. Watu husikia hivyo wakafurahi kwamba hawalipi. Mimi nilisikia kwamba biashara yangu ina dari, na dari lenyewe ni mikono miwili.

Vifaa navyo, huku kwetu, vina hesabu yao. Nilianza na rangi za mafuta kwa sababu ndizo zinazosifiwa. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba; hukauka kwa kunywa hewa, taratibu, na msimu wa masika nyeupe niliyoipaka nene ilinikalia wiki kadhaa bado inanata. Nikahamia akriliki. Hii hukauka kwa maji kuondoka, hivyo upepo wa kaskazi ukivuma mchana huwahi kuganda kwenye sahani kabla hujaichanganya, na ikikauka hukoza kidogo, kwa hiyo manyoya uliyoyalinganisha yakiwa mabichi hayalingani tena. Unajifunza kupaka kwa rangi iliyopauka kuliko unayoitaka. Kitambaa natumia marikani nzito, nguo ile ile ambayo meli za Marekani zilizoea kuileta pwani hii karne ya 19 hata ikachukua jina lao, nikaipiga rangi ya msingi mara tatu. Misumari ni ya shaba, maana chuma na hewa ya chumvi havikai pamoja. Na nyuma ya fremu nabandika vipande viwili vya mbao ili picha isigusane na ukuta. Nyumba za mawe ya matumbawe hutoa unyevu, na kuvu hupenda marikani.

Nilipopandisha bei hadi 18,000, zaidi ya nusu ya waliouliza walikwenda zao. Waliobaki waliniachia 13,000 juu ya gharama, shilingi 500 kwa saa, na muda wa kulala. Wenzangu waliniambia nimejiharibia jina. Walinikumbusha ule msemo wa kizuri chajiuza. Naupenda, lakini ulitungwa kwa kitu ambacho kimeshatengenezwa na kinaonekana. Picha ya kuagizwa haipo siku inaponunuliwa. Mteja ananunua ahadi, nami nauza ahadi, na ahadi haijawahi kujiuza yenyewe.

Wauza ahadi wa Pwani walishalifikiria jambo hili zamani kuliko sisi wachoraji. Kila fundi cherehani na kila seremala anaijua arubuni, pesa ya kushikia kazi. Kinachozua ugomvi ni pale mteja anapoghairi. Fundi anasema arubuni hairudi. Mteja anasema umekula pesa bila kunipa kitu. Mzee mmoja muuza vitambaa, aliyesoma chuoni kuliko mimi, ndiye aliyenieleza kwamba ugomvi huu una umri mrefu: wanazuoni wengi, Washafii wakiwamo, hawaikubali arubuni ya kumezwa, na Wahanbali ndio walioiruhusu. Na kwa kitu ambacho bado hakipo kuna mapatano ya salamu, ambapo sifa za kitu hutajwa waziwazi na bei yote hulipwa siku ile ile ya makubaliano. "Unataka pesa mbele," akaniambia, "basi na wewe mpe kitu mbele."

Sentensi ile ilinijengea utaratibu nilionao. Naiuza kazi mara mbili. Kwanza nauza mchoro wa penseli kwenye karatasi, shilingi 4,000, saa tatu za kazi baada ya maswali yangu. Mchoro ni wa mteja, umekamilika, anakwenda nao. Akisema siye, tunaagana kwa salama: mimi nimelipwa, yeye ana karatasi, hakuna aliyekula cha mwenzake. Akisema ndiye, anatia sahihi pembeni mwa mchoro, nampiga picha yeye na karatasi yake, ananitumia 7,000 kwa M-Pesa ndipo naanza rangi. Nyingine 7,000 analipa akija kuchukua. Sidai kwamba huu ni salamu wenyewe. Mzee wangu angenicheka. Lakini umenitoa mahakamani. Hukumu inatolewa mapema, kwenye penseli, wakati kufuta ni rahisi. Marekebisho ya mara moja ni bure. Baada ya hapo ni 1,500 kila mara, na anayesema sikio siyo baada ya kulitilia sahihi ananunua sikio jipya.

Kwenye karatasi ya makubaliano, watu hudhani shida ni wageni. Wageni hutia sahihi bila kuuliza, wengine huuliza mbona karatasi ni moja tu. Shida ni sisi kwa sisi. "Kwani huniamini, ndugu yangu?" Hilo nimelisikia kutoka kwa mtu niliyesoma naye madrasa moja. Nikamwambia nakuamini wewe, nisiyeiamini ni kumbukumbu yangu. Akacheka, akatia. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Kuna mstari mmoja kwenye ukurasa huo ambao wachoraji wengi hawajui kwamba wanauhitaji. Tunajiona kuwa anayechora ndiye mwenye haki ya mchoro. Kwa kazi ya kuagizwa, sheria ya Kenya inasema vingine. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaihesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mmekubaliana kuizuia au kuiwekea mipaka. Unabaki na haki ya kutajwa kwamba ni mkono wako, na ya kupinga kazi isigeuzwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Lakini kuuza nakala, kalenda, kadi, vikombe, hiyo si yako tena, na hakimiliki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa.

Mimi nililijua kwa aibu. Nilichapa kadi za mbwa mmoja mweusi aliyenipendeza mno, nikaziacha kwenye duka la zawadi. Mwenye mbwa akaziona. Alinipigia simu bila kelele, akaniuliza kama nimemwomba ruhusa. Sikuwa nimemwomba, na sikuwa na karatasi. Nikazikusanya kadi zote nikampelekea. Sasa mstari upo: hakimiliki inabaki kwa mchoraji, mwenye picha yuko huru kuitumia nyumbani na mitandaoni, nami siuzi nakala bila kumuuliza. Anayetaka haki zote anaongeza 6,000, na wapo wanaoongeza.

Kwa nini nalikazania hili kuliko hata bei? Turudi kwenye lile dari la mikono miwili. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na Edwin Landseer, aliyezaliwa 1802 akafa 1873, mchoraji kipenzi wa Malkia Victoria, aliyewachora mbwa wa malkia mmoja mmoja. Mpaka leo mbwa wa Newfoundland wenye mabaka meusi na meupe huitwa kwa jina lake. Lakini Mwingereza wa kawaida hakuingia ikulu kumtazama mbwa. Alimjua Landseer kwa nakala zilizochapwa kutoka kwenye mabamba ya kuchongwa, nyingi kwa mkono wa nduguye Thomas, zikaenea sebuleni kwa watu wa kati. Mkono ulichora mara moja, karatasi ikaenda nyumba nyingi. Mchoraji wa Mombasa asiyeandika mstari ule ameuza mkono pamoja na karatasi zote zitakazotoka humo, kwa shilingi 154 kwa saa.

Kuhusu programu za simu zinazogeuza picha ya mbwa kuwa mchoro kwa sekunde chache, sina hofu kubwa, ingawa zimenichukulia wateja wa zawadi ndogo ndogo. Nilizijaribu. Ukizipa mbwa wa aina inayojulikana zinakuletea aina, safi, anang'aa. Ukizipa mbwa koko wetu wa Pwani, rangi ya mchanga, mkia umejipinda, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa, zinamsawazisha. Zile nilizojaribu zilimpa masikio mawili sawa. Mwenye mbwa koko hawezi kuvumilia hilo, na mbwa koko ndio wanaoongezeka kwenye orodha yangu: watu waliookota mtoto wa mbwa ufukweni Shanzu au nyuma ya soko la Kongowea, wakamlea, na sasa wanataka aonekane kama alivyo.

Yupo mteja mmoja ambaye utaratibu wangu wote haumfikii. Wengi wa wanaokuja ni wafiwa, ingawa neno hilo hawalitumii. Hawataki kuonekana wakimlilia mbwa mbele ya mtu wa Mji wa Kale. Mama huyu wa Bamburi alikuja mwaka jana na picha kumi na moja, mbwa koko wa kike, miaka kumi na nne. Alijibu maswali yote. Mchoro wa penseli aliutazama, akatia sahihi bila kubadilisha kitu, akalipa zote kwa mara moja. Rangi ilipokwisha nikamtumia ujumbe. Akajibu: "Asante mwanangu. Nishikie kidogo, sijaweza kumtazama." Hiyo ilikuwa Agosti. Idi zimepita zote mbili. Picha iko chumbani kwangu, imegeuzwa uso ukutani ili jua lisiipate. Kila baada ya wiki chache naifuta vumbi. Jirani yangu wa chini aliniuliza ile iliyogeuzwa ni ya nani, nikamwambia, akanyamaza. Tangu siku ile akipita ngazini husema mlango wangu niuache wazi, hewa ipite, usiku kuna unyevu.

Nimeisoma tena karatasi yangu kutafuta kipengele cha kuhifadhi. Hakipo, na sijakiandika.